Kaktasi ya Shangazi: Inaoza au Inakomaa?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nakaa Chumbageni, Tanga. Marehemu shangazi aliniachia kaktasi ile inayosimama kama nguzo. Ipo barazani kwenye ndoo ya rangi, sasa inanifika kifuani. Tangu masika yaanze shina limegeuka kahawia kutoka chini, kama shubiri moja, na juu kuna vitu vyeupe mithili ya pamba. Jirani kasema ni ukungu, nimepuliza dawa ya nyanya mara tatu bila nafuu. Niing'oe?
Mpwa wa Shangazi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Usiing'oe, na dawa iweke kando. Katika kazi yangu nimeletewa mimea mingi iliyokwisha kunyweshwa dawa kabla hata haijapapaswa.

Bonyeza kwa kidole gumba hapo penye kahawia, katikati ya miba, uzunguke shina lote. Pakiwa pagumu na pakavu kama gome la mwembe, hakuna ugonjwa; mmea umekomaa na unajijengea gome la kubeba uzito wake. Kidole kikididimia, au yakatoka maji yenye harufu, huo ni uozo. Jirani huenda kasema kweli kuhusu ukungu, ila dawa ya kupuliza nje haiponyi nyama iliyokwisha kuoza ndani. Wala usidanganywe na ukijani wa juu, maana shina lina akiba yake ya maji. Ya kwangu, pale Sahare, ilianguka usiku mmoja wa Mei ikiwa kijani kibichi, chini uji mtupu. Niliililia.

Kama ni uozo, kata juu yake leo hii, kwa kisu ulichokipangusa na spiriti. Yakitoka maziwa, hiyo si kaktasi bali ni ndugu ya mnyaa, yasikuingie machoni. Tazama kidonda: ukiona hata doa dogo la kahawia kwenye pete ya katikati, panda juu kidogo ukate tena, na kisu ukipanguse kila mara, mpaka nyama yote iwe safi. Paka salfa ya unga, ile ya wakulima wa korosho. Kisimamishe kipande kivulini penye upepo wiki mbili hadi tatu. Kwa unyevu wetu huu wiki moja haitoshi. Kipande kikikauka, kioteshe kwenye mchanga wa mto wenye chenga, uchanganye na vipande vya matofali. Mchanga wa pwani una chumvi, uache. Usimwagilie mpaka ukikivuta kidogo uhisi kimeshika.

Hiyo pamba iguse kwa kijiti. Kaktasi ina manyoya yake ya asili kwenye vitako vya miba, hayo yaache. Ikipondeka ikatoa ute, na sisimizi wanapanda shina, ni vidung'ata, wadudu wadogo wafyonzao utomvu; wapanguse jioni kwa pamba yenye spiriti, urudie kila wiki.

Na ndoo hiyo ya rangi, hukuniambia kama imetobolewa chini. Kaichungulie kabla mvua haijarudi.