Sababu laptopu inachemka kwenye YouTube pekee

Unauliza kama ni virusi vinavyofanya laptopu yako ya Intel kizazi cha 4 ichemke ukitazama YouTube. Hiyo si virusi, ndugu. Kama filamu ulizopakua zinacheza bila feni kupiga kelele na YouTube ndiyo inaichemsha, basi tatizo ni kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua video. YouTube hutuma video nyingi kwa kodeki za VP9 au AV1, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 kama yako haina sehemu maalum ya kuzifungua, kwa hivyo mzigo wote unaiangukia prosesa. Intel waliiweka VP9 kikamilifu kuanzia kizazi cha 7, AV1 kizazi cha 11. Kodeki nyingine, H.264, laptopu yako inaimudu vizuri kabisa, na huenda ndiyo iliyo kwenye filamu zako.

Weka ekstensheni (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari) ya h264ify kwenye Chrome au Firefox, inailazimisha YouTube ikupe H.264. Hutapata zaidi ya 1080p, lakini kwa skrini ya laptopu yako hata 720p inatosha. Kisha ingia mipangilio ya Chrome, sehemu ya Mfumo, uone kama umeruhusu grafiki (sehemu ya kushughulikia picha) isaidie kufungua video; ikiwa imezimwa, ekstensheni haitakufaa sana.

Natengeneza laptopu hapa Kisumu na hizi za mtumba huja na lalamiko hilo hilo kila mara. Tafadhali usikubali kuuziwa feni mpya kabla ya kujaribu haya.

Ila kama inachemka hata ikiwa imekaa tu bila kazi, hapo ni vumbi au ile pesti ya kupitisha joto la prosesa imekauka. Ifunguliwe, isafishwe, ipakwe nyingine. Na kwa joto la mchana huku, usiitumie juu ya godoro, maana godoro linaziba matundu ya hewa.