Ini lina mafuta lakini vimeng'enya si vya kutisha: nisome nini kwenye majibu ya damu?

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 52, ninaishi Mwanza, na huu ni mwaka wa tisa tangu nigundulike kuwa na kisukari cha aina ya pili. Nina uzito wa kilo 92. Utrasaundi ya mwezi uliopita ilionyesha mafuta kwenye ini. Majibu ya damu yalikuwa ALT 38, AST 46 na PLT 168. Niliambiwa kwamba vimeng'enya havijapanda sana, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Damu ilitolewa siku chache baada ya kumaliza dozi ya malaria. Je, kipo kipimo cha damu kinachoweza kusema kama ini langu limeharibika?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza nitenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani mafuta yaliyomo ndani ya ini na makovu yanayoletwa na mafuta hayo. Kwa mtu mwenye kisukari, unene wa kiuno au shinikizo la damu, mafuta kwenye ini ni jambo la kawaida mno, na utrasaundi huyaona vizuri yakishafika kiasi cha robo ya ini au zaidi. Kinachoamua hatima ya mgonjwa, hata hivyo, ni makovu, na makovu ya mwanzo utrasaundi ya kawaida haiyaoni.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja kutoka kwenye seli zilizojeruhiwa. Hupanda pale ini linapojeruhiwa kwa kasi, lakini ugonjwa huu huenda polepole kwa miaka, na wagonjwa wengi wana ALT ya kawaida kabisa huku makovu yakiendelea kujijenga. Tena, makovu yakizidi, ALT huweza kushuka na AST ikabaki juu yake, kama ilivyo kwenye cheti chako. Ndiyo maana kauli ya kwamba vimeng'enya havijapanda sana, nikiisikia kwa mtu mwenye kisukari, hainitoshi.

Kipimo ninachokushauri umeshakilipia, ila hakijakokotolewa. Kinaitwa FIB-4. Kilibuniwa mwaka 2006 kwa ajili ya watu wenye VVU pamoja na homa ya ini C, kisha kikaonekana kinafaa pia kwa ini lenye mafuta. Zidisha umri wako kwa AST: 52 mara 46 ni 2,392. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, ambacho kwa 38 ni takriban 6.16, ukizidishe kwa PLT, yaani idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda: 168 mara 6.16 ni kama 1,035. (Baadhi ya maabara huandika 168,000, tumia 168.) Gawanya 2,392 kwa 1,035 upate 2.31. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, ni mkubwa. Wewe uko katikati, mahali ambapo kipimo hiki hakitoi hukumu. Kwa waliofikisha miaka 65 kiwango cha chini husogezwa hadi 2.0, na kwa walio chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana.

Chembe sahani zimeingiaje katika habari za ini? Ini lenye makovu huzuia damu inayotoka kwenye utumbo, shinikizo hurudi nyuma, bandama huvimba na kuzinasa. Hapo ndipo malaria yako inapoleta utata, kwa sababu nayo hushusha chembe sahani na huweza kupandisha AST. Tuseme damu yako ikirudiwa umepona, PLT ikawa 240 na AST 36: hesabu ile ile inatoa takriban 1.27, na picha nzima inageuka. Kwa hiyo usiipokee 2.31 kama jibu la mwisho, wala usiitupe.

Kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa naongeza tahadhari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya haviitilii mkazo: kichocho cha tumbo. Mtu aliyekulia akiogelea au kuvua ziwani anaweza kuwa na makovu kuzunguka mshipa mkuu unaoingiza damu kwenye ini na matawi yake, pamoja na bandama kubwa, chembe sahani zikashuka, bila kisukari kuhusika hata kidogo. Mwombe mpimaji wa utrasaundi aitazame mishipa hiyo na aandike urefu wa bandama.

Vipo viashiria vipya zaidi, kama jopo la ELF, ambalo hupima vitu vitatu vinavyohusiana moja kwa moja na ujenzi wa makovu, na vipande vya protini iitwayo keratini 18, ambavyo hutolewa seli za ini zinapokufa. ELF ni kipimo kizuri pale kinapopatikana. Keratini 18 bado ni ya watafiti zaidi kuliko ya kliniki, na mimi nisingekushauri uitolee fedha.

Rudia ALT, AST na picha kamili ya damu wiki nne hadi sita baada ya kupona malaria, na upimwe homa ya ini B na C kwa wakati huo huo. FIB-4 ikibaki juu ya 1.3, omba rufaa ya kupimwa ugumu wa ini kwa mashine maalumu ya mawimbi. Matokeo yakiwa chini ya kilopaskali 8 (kizio cha ugumu huo), makovu makubwa hayaelekei kuwepo. Wakati unasubiri, acha pombe, usiache dawa za kisukari wala za kolesteroli kwa kuhofia ini, na anza kupunguza uzito: asilimia 7 hadi 10, ambayo kwako ni kati ya kilo sita na nusu na tisa, hupunguza mafuta na uvimbe wa ini. Cheti cha sasa kitunze, maana daktari atahitaji kukilinganisha na kile kipya.