Kama mzazi hana ada ya miaka minne, usijibu "Hapana" kwenye msaada

Mdogo wangu, funga hiyo fomu kwanza, usibonyeze kitu. Umeandika kwamba wakala amekwambia kwenye swali la kama utahitaji msaada wa ada ujibu Hapana, ili chuo cha Marekani kikupokee upesi, msaada utauomba ukishafika. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2016, ofisini kwa wakala Mwanza, kanigeuzia kompyuta nimwone anavyoweka tiki.

Chuo nilipata, kweli. Baba akauza kiwanja cha Kisesa, shangazi na wajomba wakachanga. I-20 ikaja, ile fomu ya chuo unayoombea viza, na karatasi ile inaonyesha gharama za mwaka mmoja tu! Mwaka wa pili nani atalipa, hakuna aliyeuliza, na sisi kwa furaha hatukujiuliza.

Mwezi wa tatu nikaenda ofisi ya misaada. Mama wa pale alikuwa mpole. Akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari mmoja: mwanafunzi wa kimataifa ambaye hakuomba msaada wakati wa kuomba nafasi, hataruhusiwa kuomba baadaye, miaka yote minne. Niliusoma mpaka herufi zikaanza kucheza. Vyuo vingi vina sharti hili na wameliandika wazi kwenye tovuti zao. Yule wakala alilijua, alishapeleka watoto wengine kabla yangu. Yeye analipwa ukipokelewa, ukihitimu au usihitimu hakumhusu. Miaka imepita na bado namkasirikia.

Na wakala wako asikwambie "utafanya kazi". Kwa viza ya mwanafunzi, F-1, muhula ukiendelea unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na mwaka wa kwanza ni ndani ya chuo tu. Niliosha vyombo kwenye bwalo kwa dola 11 kwa saa. Piga hesabu: dola 220 kwa wiki kabla ya makato, na mwaka wa pili ulitaka dola 38,000. Hata ningeosha sahani za harusi zote za Kanda ya Ziwa nisingeifikia. Msaada wa serikali yao, unaoombwa kwa fomu ya FAFSA, sisi wa F-1 hatuupati. Benki niliyoiendea ikataka mdhamini raia wa kule. Nikarudi nyumbani, na kiwanja cha baba ndiyo hivyo tena, kina nyumba ya mtu.

Ni kweli ukijibu Ndiyo, vyuo vingi vinaweza kukuacha kwa sababu hiyo hiyo. Wakuache! Ukikataliwa ukiwa kwenu, baba yako bado ana kiwanja chake. Na vipo visivyomhesabia mgeni kosa kwa kuomba msaada: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst. Kuingia ni kazi, ila ukiingia wanajazia pale mzazi anaposhindwa. Kwa vyuo vingine, waandikie wewe mwenyewe uwaulize: nisipoomba sasa, mwaka wa pili nitaruhusiwa? Jibu lao litunze. EducationUSA, ofisi ya ushauri wa masomo ya Marekani pale ubalozini kwao Dar, wanashauri bure.

Uliuliza pia jimbo lipi lina nafuu ya baridi na koti ununue wapi. Hayo tutaongea ukishapata pa kwenda. Umesema mwisho wa kutuma ni Ijumaa na nywila anayo wakala. Ibadilishe usiku huu, halafu urudi hapa uniambie kisanduku cha lile swali la msaada kinasemaje.