Re: Mdogo wangu ameajiriwa kumuuguza bibi mmoja Uyole, Mbeya, hana mkataba, anaweza kudai?

Anaweza dada, tena sana tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndo atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kesi ikifika mbele asipokuwa nayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Wiki ni saa 45, zinazozidi analipwa mara moja na nusu, likizo siku 28. Sasa kumgeuza mgonjwa aliyepooza usiku kucha, kumfulia mashuka kwa maji ya baridi ya huku kwetu, halafu waseme "si anakula na kulala bure", inaniuma jamani. Aandike kwenye daftari saa alizofanya kila siku, aongee na CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, na madai yake yafike CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, wakimfukuza ni 30.