Risasi Mia kwa Siku Moja: Linda Bega Kwanza

Ukitaka kujua mazoezi ya shotigani yameanza kuharibika saa ngapi, usiangalie karatasi ya shabaha. Mwangalie mpigaji. Mara nyingi kabla hajafika risasi ya 60, shavu linaanza kuachana na kitako, mkono wa mbele unalegea, na macho yanafumba kabla ya mlio. Kila risasi inayopigwa baada ya hapo inaufundisha mwili kuiogopa bunduki, na woga huo hauondoki upesi.

Kwa hiyo anzeni na nzito, mmalizie na nyepesi. Asubuhi, bega likiwa halijachoka, pigeni risasi 5 za kipande kimoja na 10 za gololi kubwa. Zilizobaki ziwe za kuwindia ndege, zenye gololi ndogo za jumla ya gramu 24 au 28 kwa kila risasi. Mwajiri anayewaleta walinzi wa kiwanda cha samaki au kituo cha mafuta mara moja kwa mwaka, kisha akataka maboksi yote ya nzito yaishe siku hiyohiyo, anapoteza fedha yake na anawaumiza vijana wa watu.

Teke la bunduki linapokelewa kwa mkao, nguvu za mwili peke yake hazitoshi. Kitako kikae kwenye kishimo kilicho kati ya mtulinga na bega. Kikipanda juu ya mfupa au kikitelezea kwenye msuli wa mkono, alama ya zambarau utaiona kesho yake. Mguu wa kushoto mbele, goti likunjwe kidogo, uzito uegemee mbele. Mkono wa kushoto usukume mshikio wa chini ya mtutu kwenda mbele huku wa kulia ukivuta kitako begani. Hii ni kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze. Pimeni pia urefu wa kitako: kikiegemezwa kwenye kiwiko kwa ndani, kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kunyooshwa kwa taabu.

Kwenye bunduki ya pampu, inayopakiwa kwa kuvuta mshikio nyuma na kuusukuma mbele, uchovu huzaa kosa moja kubwa: kuvuta nusu. Mkono unarudisha mshikio, hauufikishi mwisho. Ganda tupu linabaki ndani au risasi mpya haipandi. Vuta nyuma kwa nguvu hadi ugonge mwisho, kisha sukuma mbele kwa nguvu ileile. Pampu haiharibiwi na mkono wenye nguvu, inakwamishwa na mkono unaobembeleza.

Kumbaini anayeshtuka ni rahisi. Mwenzake ampakilie, na katika kila risasi 4 moja iwe bandia, bila yeye kujua ipo wapi. Triga ikilia tupu na mtutu ukazama chini, ugonjwa umeonekana. Mrudishe kwenye bandia tupu kwa dakika 10 kabla hajapewa risasi halisi.

Risasi halisi ikikataa kulipuka, mtutu ubaki unaelekea shabaha kwa sekunde 30 au zaidi ndipo ufungue, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ikilia kwa sauti hafifu, simamisha kila kitu: huenda kizibo cha plastiki kinachobeba gololi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Hatari hiyohiyo inaletwa na kuchanganya saizi. Risasi ya namba 20, ambayo ni nyembamba kuliko ya 12, huteleza ndani ya bunduki ya namba 12 na kukwama mbele ya chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi. Ukipakia ya 12 nyuma yake na kuipiga, mtutu unalipuka mkononi. Kwenye meza ya mazoezi kuwe na saizi moja tu.

Tandazeni mifuko ya saruji iliyokatwa kwenye mita 5, 10 na 20, mpige gololi kubwa. Kwa mtutu wa kawaida, gololi hutawanyika takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Mita 5 ni kama ngumi. Mita 20 ni karibu nusu mita, upana wa mabega ya mtu. Mlinzi anayefanya kazi karibu na umati kama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba lazima aione picha hiyo kwa macho yake, maana gololi iliyomkosa mlengwa itampata mwingine.

Na hapa Mwanza tuna mawe. Kilima chenye miamba kinaonekana kama ukuta mzuri wa kuzuia risasi, kumbe jiwe huirudisha. Ukuta wa nyuma uwe udongo mtupu, uliochekechwa mawe. Msielekee ziwani pia: risasi ya kipande kimoja hudunda juu ya maji na kusafiri mbali, na mitumbwi ipo.

Miwani na kinga ya masikio havivuliwi mpaka wa mwisho amefungua bunduki yake na kuionyesha tupu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, kwa sababu vumbi la madini ya risasi ni sumu. Bunduki isafishwe jioni ileile: brashi ya shaba itoe utando wa plastiki mtutuni, kitambaa kikavu kifuate, kisha mafuta mepesi. Isilale kwenye mfuko wa turubai au wa ngozi, kwani mfuko hushika unyevu wa ziwa na kutu itaanza kwenye chemba, mahali ambapo ganda litakuja kung'ang'ania.