Mbwa mkali kabebwa usiku na hakubweka hata mara moja: dokta wa mifugo anajibu

Mwezi huu barua za wizi wa mbwa zimekuwa nyingi kuliko za kuku na ng'ombe, kutoka Mbeya, Iringa, Njombe mpaka huko Rungwe, kwa hiyo ukurasa wote nimeuacha kwa ajili ya hilo. Wa kuku nisameheni, mwezi ujao zamu yenu.

SWALI: Shikamoo dokta. Naishi Uyole, nilikuwa na mbwa wawili, dume chotara wa German Shepherd na jike wa kienyeji. Mwezi wa saba mwanzoni tumeamka dume hayupo. Fensi ni michongoma, geti la bati, kufuli liko vile vile. Jike kalala tu mpaka mchana, chakula hagusi. Nyumba nzima hakuna aliyesikia kubweka wakati yule dume hata mgeni wa mchana anamtoa jasho. Jirani ananiambia ni mambo ya ushirikina. Waliwezaje, na huyu aliyebaki nimlinde vipi? (Mama wa Uyole)

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana, kwa kweli mbwa wa kukaa naye miaka akiondoka hivyo nyumba inapwaya. Ushirikina weka pembeni kabisa. Jike kulala mpaka mchana na kukataa chakula inaonyesha karibu wazi kwamba wote wawili walilishwa kitu, na dawa za kulevya zikichanganywa kwenye nyama hazishiki hapo hapo, mara nyingi inachukua nusu saa, saa nzima au zaidi mbwa ndo alegee. Maana yake nini, hiyo nyama ilirushwa mapema, labda saa moja moja jioni watu wakiwa bado njiani, alafu wakarudi usiku kuchukua mzigo wao. Kwa hiyo ukiuliza majirani usiulize tu nani kaonekana saa nane usiku, uliza jioni ile nani kapita kapita kwenye fensi yako, pikipiki gani ilisimama pale bila sababu.

Alafu kuna la pili watu hawalipendi kulisikia ila lazima niseme, mbwa mkali kwa wageni anakuwa mpole kwa mtu anayemjua, na mtu anayemjua sio lazima awe ndugu, ni yeyote aliyemzoesha. Mtu anaweza kupita hapo wiki mbili anarusha kipande cha utumbo kila siku na mbwa akaanza kumsubiri kwa hamu. Sasa usikimbilie kumshika kijana uliyemwachisha kazi, nimeona watu wasio na hatia wanasumbuliwa hivyo na inauma, ila jua tu wizi wa mbwa mara nyingi unaanza siku nyingi kabla ya usiku wenyewe.

Na hali ya hewa yetu inawasaidia wezi, tusidanganyane. Juni na Julai baridi ya Uyole kila mtu anajifungia mapema, madirisha yamezibwa, blanketi mpaka masikioni, barabarani hakuna mtu. Na ikifika masika ya Februari na Machi mvua inapiga mabati mpaka hata mkiongea chumbani hamsikilizani, mbwa anaweza kubweka mpaka akachoka na wewe hujui. Kwa hiyo miezi hiyo ndo ya kumlaza ndani, jikoni au kwenye stoo au hata kordo, sio mwezi ambao wewe mwenyewe unakaa barazani mpaka saa nne.

Huyo jike aliyebaki, mlishe jioni kabla giza halijaingia ashibe kwa mkono wako, mbwa mwenye njaa hana msimamo hata awe mkali namna gani. Alafu mfundishe kukataa cha mgeni. Muombe mtu ambaye mbwa hamjui asimame nje ya fensi arushe kipande cha nyama, wewe umemshika mbwa kwa kamba, akikimbilia mzuie umwambie acha, akitulia akakugeukia wewe mpe kipande kizuri zaidi kutoka mkononi mwako. Badilisha watu, badilisha na muda, leo asubuhi kesho jioni. Inachukua wiki kadhaa na sio mbwa wote wanafika mwisho, ila hata akisitasita dakika mbili akaanza kubweka inatosha kukuamsha. Na waambie watoto na wapita njia wote kwamba mbwa wako halishwi na mtu, hata kama ni mapenzi.

Michongoma naipenda, ni fensi ya kwetu na haina gharama, lakini chini inaacha matobo na mbwa aliyelewa anaburuzwa pale kama gunia. Zungushia wavu wa chuma kwa ndani, uchimbie kidogo ardhini. Kibanda chake kikae nyuma ya nyumba, kama mpita njia anakiona basi mwizi naye anakiona. Taa moja ya sola inayowaka mtu akipita ni hela nzuri kuliko kufuli la pili, kufuli lenyewe kwako halikuguswa.

Jambo la mwisho kwako, jike anapata joto kama mara mbili kwa mwaka, wiki mbili mpaka tatu hivi, na kipindi hicho madume ya mtaa mzima yanajaa getini, fensi inabomolewa na watu wanajua nyumba hii kuna jike. Na wenye madume nao wasikie, wezi wanatembea na jike mwenye joto kwenye kamba na dume linatoka lenyewe kumfuata. Kama hutaki watoto, mfungishe uzazi, dume akihasiwa naye hamu ya kuzurura inapungua sana.

SWALI: Kamwene dokta. Niko Kihesa Iringa, nimenunua mtoto wa rotwaila kwa hela niliyodunduliza, nasikia kuna chipu unamwekea mbwa unamuona kwenye simu alipo. Ni kweli na je inafaa? (Kijana wa Kihesa)

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Hapo vitu viwili vimechanganywa na wauzaji wengine wanaviacha vichanganyike makusudi. Chipu ya chini ya ngozi ni kidude kama punje ya mchele, kinachomwa kwa sindano katikati ya mabega, ndani kina namba ya tarakimu 15 basi. Haina betri, haina laini, haionekani kwenye ramani ya simu. Kazi yake ni moja, mbwa akipatikana mtu mwenye skana anaisoma ile namba na wewe una karatasi yenye namba hiyo hiyo, ubishi umeisha. Kwa hiyo kabla hujalipa uliza kliniki yako kama wana skana na kama kliniki nyingine za Iringa au Mbeya wanazo, maana chipu isiyo na wa kuisoma haina msaada mtaani.

Kinachoonyesha mahali ni kola yenye GPS, ile inataka laini ya simu, bando na kuchajiwa, na mwizi mzoefu kitu cha kwanza anakata kola anaitupa mtaroni. Bado inaweza kukusaidia zile dakika za mwanzo ukiwahi kugundua. Zile za AirTag, vidude vya Apple vya kutafutia vitu, zinategemea simu za iPhone zilizo jirani kupeleka taarifa, na mitaani kwetu wengi tuko kwenye Android, kwa hiyo usitegemee sana.

Hela ikiwa ya kubana, mimi ningeanza na picha. Piga ukiwa umemshika, piga baka la kifua, piga kovu, piga kucha nyeupe kama ipo, upande wa kulia na wa kushoto, na uzirudie kila baada ya miezi miwili kwa sababu mtoto wa rotwaila anabadilika haraka mno. Alafu akifikisha miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa kwa afisa mifugo wa kata na ile kadi ijazwe vizuri, jina, jinsia, rangi, alama, jina lako. Usikubali kadi iliyoandikwa "mbwa mweusi" tu. Kadi hiyo chukulia kama hati ya kiwanja. Na ule utaratibu wa kumpiga picha unaposti stetasi na bei uliyonunulia na geti la nyumba linaonekana nyuma, acha mdogo wangu, acha kabisa.

SWALI: Dokta, mbwa wangu aliibiwa Mbalizi, baada ya mwezi nikamkuta kwa mtu mtaa mwingine, kaniona akanirukia analia. Yule bwana anasema kauziwa na kijana hamjui, nimrudishie hela yake kwanza. Polisi nikaambiwa ni mbwa tu, mwenyekiti anasema nilete ushahidi. Vijana wa mtaani wanataka twende tukamchukue kwa nguvu. (Msomaji, Mbalizi)

JIBU: Kwa nguvu msiende. Nasema hivi kwa uzito wote, mtu akipigwa pale akaumia au akafa, kesi inakuwa yenu na mbwa hatakuja kukutolea dhamana, na huyo bwana inawezekana kabisa kauziwa kweli bila kujua.

Mbwa ni mali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu mnyama wa kufugwa mwenye mwenyewe kuwa kitu kinachoweza kuibiwa, na anayepokea mali huku akijua ni ya wizi naye ana kosa lake. Kwa hiyo rudi kituoni kwa utulivu, omba RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, andika ni wizi wa mali na utaje thamani, usiseme tu "mbwa wangu kapotea" maana kupotea na kuibiwa ni vitu viwili. Ukikwama kaunta omba kuonana na mkuu wa kituo au polisi kata. Nenda na kadi ya chanjo, picha za zamani zenye tarehe kwenye simu, majirani wawili waliomwona akikua, na kama mama yake bado yuko kwa mtu aliyekuuzia muombe yule mtu aje au aandike. Mwambie mwenyekiti mbwa aletwe ofisini kwake, eneo ambalo sio lako wala la yule bwana, kabla hajaletwa utaje alama ambazo hazionekani kwa haraka, jino lililovunjika, kovu chini ya tumbo. Kuja kwako akikurukia kunasaidia ila peke yake haitoshi, mbwa wengine wanapenda watu wote.

Habari ya kumrudishia hela, mali ni yako na kisheria hudaiwi kuinunua tena. Yeye ndo amtafute aliyemuuzia, namba aliyotumia kulipia ipo kwenye simu yake na hiyo namba polisi wataipenda sana.

Akirudi mlete kwetu akaguliwe, mwezi mzima hujui kakaa na mbwa gani na kama kang'atwa. Kama ana kidonda cha meno na chanjo imepitwa na muda, usimuache na watoto mpaka aonwe. Mtu akiwa kang'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Ugonile dokta, Tukuyu hapa mbwa wanawekewa sumu kwanza alafu nyumba inaibiwa. Tunawapa maziwa, inasaidia? (Baba wa watoto wanne, Tukuyu)

JIBU: Ugonile baba. Maziwa, mafuta ya kula, mkaa wa jikoni, achana navyo, vinapoteza muda na mbwa aliyelegea anaweza kupaliwa vikaingia mapafuni. Mbwa akitokwa na mate mengi, akitetemeka misuli, akihara na macho yakibana kama tundu la sindano, hiyo ni sumu ya jamii ya dawa za mashamba na tuna sindano yake, atropini, ila inataka uwahi, tunaongelea dakika sio masaa. Dawa nyingi za panya ni tofauti, zinazuia damu kuganda, mbwa anaonekana mzima siku mbili tatu alafu anaanza kutoka damu fizi au kwenye mkojo, na hiyo nayo inatibika kwa vitamini K kama ukimleta mapema bila kusubiri dalili. Kwa hiyo okota kila kitu, kipande cha nyama kilichobaki, mfuko, matapishi, ushike kwa glavu au mfuko wa nailoni uje nacho. Namba ya mtaalamu wa mifugo wa kata yako iwe kwenye simu ya kila mtu mzima ndani ya nyumba, sio yako peke yako.

Na mbwa akikutwa na sumu usiku, majirani waamshwe usiku huo huo. Mwizi bado yuko jirani, mbwa ilikuwa hatua ya kwanza tu.

SWALI: Mimi namfunga cheni masaa 24 asiibiwe. Nakosea? (Mafinga)

JIBU: Ndio, unakosea. Mbwa wa cheni hawezi kukimbia wala kujitetea, mwizi anajua urefu wa cheni yake kuliko wewe, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso ya namna hiyo. Jenga banda lenye wavu, mchana afungiwe humo, usiku aachiwe ndani ya uzio au alale ndani.

SWALI: Nimeposti tangazo la mbwa wangu, mtu kanipigia yuko Tunduma anasema kamuona, nitume hela ya nauli na chakula cha mbwa. Nitume? (Dada wa Njombe)

JIBU: Usitume hata mia, dada. Mwambie apige video ya mbwa sasa hivi mtu akimwita jina lake, na akuambie alama ambayo hukuiweka kwenye tangazo. Ndo maana nasema kila siku, ukiposti picha bakiza alama moja moyoni. Akianza kona kona, ile namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, ni bure. Akituma video na ni mbwa wako kweli, Tunduma ni mji wa mpakani na magari ya barabara kuu hayalali, kwa hiyo usisubiri kesho: piga kituo cha polisi ulichochukulia RB wawasiliane na wenzao wa kule, na usiende peke yako kuonana na mtu usiyemjua.