Chokaa ya matumbawe haing'ai kwenye taa ya UV: jibu refu kwa ndugu wa Malindi

Ndugu yangu, umesema umechukua chokaa ya tanuruni ukaiyeyusha kwa asidi, ukatia manganizi (metali ya kuupa unga mng'ao) kidogo, ukamwagia maji ya magadi soda kwa mpigo, ukapata unga mweupe safi, halafu ukauweka kwenye chupa ukaumulika na taa ya kukagulia noti, ile ya UV (mwanga usioonekana kwa macho), kimya, haukung'aa. Wenzangu hapo juu wanakwambia ongeza manganizi. Mimi nasema usiongeze. Hii kazi nimeanza nayo chuoni na mpaka sahii naifanya hapa Amu kwa vyombo vichache tu, na ninavyoona shida yako ni namna kristali zako zilivyokua, na hiyo taa pia.

Huo unga wako ni kalsiamu kaboneti, na yenyewe haing'ai hivyo. Kinachong'aa ni atomu ngeni ilokaa mahali pa kalsiamu ndani ya kristali. Kaboneti hiyo ina maumbo kadhaa ya kristali, kama kalsaiti na aragonaiti. Manganizi ikiingia kwenye kalsaiti inatoa rangi ya machungwa kuelekea nyekundu, urefu wa wimbi la mwanga karibu nanomita 615 hivi, lakini manganizi hiyo hiyo ikiingia kwenye aragonaiti inatoa kijani-manjano, karibu 560. Kemikali ni moja, mpangilio wa atomu tofauti, rangi tofauti! Mimi hili halijawahi kunichosha mpaka leo, na ndio maana lazima ujue unakuza kristali gani kabla hujafikiria kipimo cha manganizi.

Sasa mwendo. Manganizi inapenda kuingia kwenye kalsaiti kuliko kubaki majini, ila inaingia vizuri pale kristali inapokua polepole, ukiharakisha sehemu yake inapungua. Ukimwaga magadi kwa mpigo kwanza unapata utelezi usio na mpangilio wenye maji ndani yake, halafu unageuka mchanganyiko wa vateraiti (umbo jingine la kaboneti hiyo) na kalsaiti, vipunje vidogo vidogo vyenye kasoro kibao. Kwa wanaotumia yuropiamu, metali nyingine ya kung'arisha, badala ya manganizi ndio mbaya zaidi manake hayo maji yaliyonaswa yanaua mwanga wake.

Fanya hivi. Chukua kisahani cha kioo, tia maji ya kalsiamu kloraidi, yaani ile chokaa yako iliyoyeyushwa kwa asidi, na manganizi kidogo sana, funika na nailoni utoboe kwa sindano. Kando yake weka kikombe cha amoniamu kaboneti, nacho ukifunike na nailoni ya matundu, vyote ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Amonia na kaboni dioksaidi zinatoka taratibu zinaingia kwenye maji, na baada ya siku moja mbili ukitazama na lenzi unaona vijiwe vyenye pande sawasawa kama mchemraba uliosukumwa upande, vimeganda kwenye kioo, kingo zake kali kabisa. Ukitaka polepole zaidi punguza matundu. Ukiona ukahawia basi manganizi imeshaoksidika, kwa hiyo yachemshe maji kwanza utoe hewa, na nasema maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa), sio ya kisima. Maji ya bahari usiyaguse kwa kazi hii, yana magnesiamu kama mara tano ya kalsiamu ukihesabu atomu, nayo inazuia kalsaiti isikue, unaishia na aragonaiti. Kama unataka ile kijani hapo sawa, tia magnesiamu kwa makusudi na upashe moto nyuzi 60 mpaka 80.

Halafu chuma. Chuma ndio adui mkubwa kuliko wote, kidogo tu kinazima mwanga wa manganizi, na chokaa ya tanuruni imepitia udongo, majivu na sepetu yenye kutu. Kabla hujatia manganizi, tia haidrojeni peroksaidi kidogo kwenye ile kloraidi, chemsha, kisha ongeza maji ya chokaa mpaka asidi iishe, chuma kitashuka chini kama tope la kahawia, uchuje. Na asidi iwe ya haidrokloriki, ile ya betri itakupa jasi tupu.

Taa sasa. Manganizi peke yake inameza UV kidogo mno, inahitaji mwenzake wa kuimezea mwanga halafu aipokeze. Kalsaiti maarufu za Franklin kule New Jersey zinawaka vile kwa sababu mna risasi pamoja na manganizi, na zinataka UV ya wimbi fupi, nanomita 254. Taa za noti nyingi ziko karibu na 365. Tena hiyo 254 haipiti kioo cha kawaida, kwa hiyo hata ukiazima taa nzuri halafu ukamulika unga ukiwa ndani ya chupa hutaona kitu, umwage kwenye karatasi nyeusi. Risasi mimi sishauri nyumbani kabisa, ni sumu na watoto wanapita, tafuta seriamu, metali nyingine, nayo inafanya kazi hiyo hiyo ya kupokeza. Na hiyo taa fupi inaunguza macho na ngozi, vaa miwani ya plastiki ya maabara na usimulike mkono.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na taa kabla ya yote. Umulike unga huo huo ulio nao chini ya 254, nje ya chupa, kando yake uweke kristali za kisahani zilizotiwa seriamu, kisha utuwekee picha hapa tuone.